Daftari la Vitenzi la Mwalimu Hilaria

Tarehe 30 Juni 2026, Mwalimu Hilaria Qamara anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu. Mkuu wa shule, Mwalimu Judica, ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye ofisi moja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Nilimwambia atafute mwingine, maana mama huyu namwonea wivu, na si wivu wa juzi. Akacheka, akadhani natania. Sitanii. Tena kuna jambo nililomficha Mwalimu Hilaria kwa miaka kumi, na lazima nilikiri kabla hajaondoka, anisamehe au asinisamehe.

Alizaliwa Dongobesh mwaka 1966, akasomea ualimu, akaripoti hapa mwaka 1991 na sanduku moja la bati. Mimi niliripoti miaka mitatu baadaye na cheti kizuri kuliko chake na kamusi kubwa yenye jalada gumu. Nilijua kabisa kwamba Kidato cha Nne kitakuwa changu. Mwaka 1998 akapewa yeye, mimi nikabaki na madarasa ya chini.

Wivu wenyewe una sababu. Ukienda naye Katesh, dukani kwa Zubery, yeye anavutiwa kiti na kuulizwa habari za nyumbani, za shamba, mpaka za ndama. Mimi naulizwa nataka kilo ngapi. Wazazi kutoka Getanuwas wakija shuleni humletea yeye maziwa ya mgando, mimi huniletea malalamiko. Wanafunzi wake wa miaka ya tisini, watu wazima wenye vipara, wakimwona wanakimbilia kumpa shikamoo, halafu wananigeukia na kuniuliza, kumbe mwalimu bado upo? Nipo.

Sasa kazi yake. Kila Jumatatu aliandika ubaoni kitenzi kimoja kigumu cha Kiingereza, vile vya kwenye barua rasmi na mitihani, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kukiandika kabla hajakiona kikitendeka. Kitenzi cha kujinyima alikifundisha kwa kukaa wiki nzima bila chai, huku sisi tukinywa mbele yake ofisini na wanafunzi wakichungulia dirishani kuhakikisha. Ilikuwa wiki ngumu kwetu sote, maana chai haishuki vizuri ukiangaliwa na macho arobaini.

Mwaka 2016 ikafika zamu ya kitenzi «entrust». Mimi nilikuwa nimeshakifundisha Kidato cha Tatu. Nilifungua kamusi yangu, nikaandika ubaoni «kukabidhi», nikafuta mikono chaki, basi. Kwenye mtihani wa majaribio, wanafunzi ishirini na sita waliandika kwamba baba alimkabidhi mchinjaji mbuzi, na kitenzi walichotumia ni hichohicho. Walimu waliosahihisha walicheka mpaka machozi. Watoto siwalaumu. Mbuzi akishafika kwa mchinjaji, kinachorudi nyumbani ni supu, na mimi sikuwa nimewaambia kwamba kitenzi hiki kinataka kitu kirudi kikiwa kizima.

Mwalimu Hilaria yeye aliwachukua Kidato cha Nne mpaka kwa mzee Marko, nyuma ya shule. Bomani kwa mzee kulikuwa na ng'ombe mwekundu wa shemeji yake, aliyewekwa pale atunzwe. Kwetu jambo hili kila mtoto analijua: maziwa unakunywa, mbolea unapeleka shambani kwako, lakini ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi. Mwalimu Hilaria akamwomba mzee, mbele ya wanafunzi wote, amuuzie yule ng'ombe. Mzee alikunja uso.

«Huyu si wangu, mwalimu,» akasema. «Ndiyo maana namlisha kabla ya wangu.»

Mwalimu Hilaria akawageukia wanafunzi, akakitamka kile kitenzi mara moja tu, akanyamaza. Nao wakafungua madaftari, wakaandika. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa nimesimama nje ya boma, nimewafuata huku nikijidai natafuta mtandao wa simu. Jamani, nilimwonea wivu. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha, na sikuwahi kuona darasa langu limeelewa kitu namna ile.

Jumamosi nikaandika barua isiyo na jina kwa wakubwa, nikasema kuna mwalimu anayepoteza vipindi vya Kidato cha Nne kwa kuwapeleka watoto kutazama ng'ombe. Barua ile niliiandika mimi, Renatus Sulle. Wiki iliyofuata Mwalimu Hilaria aliitwa, akanyang'anywa darasa, nikapewa mimi. Nilinunua shati jipya.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, wakati wa chai ya saa nne, alikuja mezani kwangu na kauntabuku yake. Humo mlikuwa na vitenzi vyote vya miaka ishirini na mitano, na kwa kila kitenzi ameandika uwapeleke watoto wapi, umwombe nani, useme nini na unyamaze lini. Akaniambia nilitumie daftari hilo, nimrudishie Desemba. Nililitumia ukurasa kwa ukurasa. Matokeo yalipotoka Kiingereza kilikuwa kimepanda, nikapewa cheti cha pongezi mbele ya wazazi. Yeye alipiga vigelegele. Mimi sikulitaja daftari. Nililirudisha Desemba kama nilivyoambiwa, na hilo ndilo jambo pekee la mwaka ule ambalo sioni aibu kulisimulia.

Mwaka uliofuata alirudishiwa darasa lake, nami nikanuna muhula mzima. Tangu hapo amefaulisha watoto wengi mno, wanne kati yao ni walimu wa Kiingereza. Mmoja ni Mwalimu Glory, ambaye ndiye atakayechukua Kidato cha Nne kuanzia Julai. Niliuliza kwa nini si mimi. Nimeambiwa nimebakiza miaka mitatu, nipumzike. Yeye anakwenda kulima vitunguu saumu Dongobesh, na nina hakika vitastawi kuliko vyangu.

Kwa utaratibu wetu, mstaafu husoma wasifu wake kabla haujachapwa ili arekebishe tarehe. Nilimpa karatasi hizi Ijumaa, nikaondoka haraka kabla hajavaa miwani. Siku tatu nilizokaa nikisubiri sikula vizuri. Jumatatu amenirudishia. Amerekebisha tarehe moja, nami nimeiweka sawa. Pembeni, pale nilipoandika habari za barua, ameandika kwa kalamu nyekundu: «Nilijua, Mwalimu Renatus. Walinionyesha Jumanne, na mwandiko wako naujua.»

Jumanne. Na daftari aliniletea Alhamisi.

Ahsante, Mwalimu Hilaria, kwa niaba ya walimu wenzako wote, na kwa niaba yangu peke yangu. Shamba likukubali, afya ikae nawe, wajukuu wasikuchoshe. Nenda ukaishi vizuri.