Vyuma Vilivyoziba Kifua

Doreen alikuwa amefumba macho kwenye basi la asubuhi la Milwaukee, lakini masikio hayana kope. Kwenye kiti cha mbele yake, kijana mwenye mkono uliofungwa plasta alikuwa akimlalamikia bibi asiyemjua.

“Chuma cha mazoezi kiliniangukia, mama, na kwenye jimu nzima hakuna aliyenisaidia kukishika! Watanitambua. Wakili ananisubiri saa nne.”

“Siku ya kujiunga hukutia saini kwamba ukiumia ni juu yako?”

“Nilipitisha kidole tu kwenye simu. Nani husoma yale maneno?”

“Hata mume wangu wa kwanza alisema hivyohivyo.”

Doreen akabana kicheko.

“Ushahidi ninao,” kijana akasema. “Mimi hujirekodi kila siku.” Akamsogezea bibi simu, na Doreen akafumbua jicho moja. Kwenye video, kijana alionekana akichomoa vile vyuma viwili vya pembeni vinavyozuia mzigo usimwangukie mtu. Akaviweka sakafuni, kisha akaisogelea kamera na kujitengeneza nywele kwa muda mrefu.

“Mbona umevitoa?”

“Vinaziba kifua kwenye video, mama! Sasa watu wangeona nini?”

“Na wakili ameiona hii?”

“Nilimtumia kipande cha kuanguka tu. Leo anaitaka yote.” Sauti yake ilipungua kidogo.

Bibi akavuta kamba ya kengele, akainuka taratibu. Basi likasimama, mlango ukafunguka.

“Basi mpe yote, mwanangu,” akasema akishuka. “Nywele zimetoka vizuri.”