Wiki Nane za Goti la Mshale

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha viatu, pale kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanza. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na wa mwisho kushoto akiinuka bila kuaga, wa mwisho kulia anajikuta chini. Mimi nashona soli huku nasikiliza. Mama Kahawa ana jiko lake hatua mbili kutoka hapo. Bondia anaziba pancha ng'ambo ya barabara. Alipanda ulingoni mara nne ujanani, akapigwa zote nne, lakini jina likabaki. Wakili anauza magazeti. Sheria hajasoma, ila hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Kwa wiki nane nafasi moja benchini ilikuwa tupu, ya Bi Barua. Huyu mama aligawa barua miaka ishirini na nane, akifukuzwa na mbwa wa kila geti, na siku aliyostaafu mbwa mmoja asiye na mwenyewe akamfuata hadi nyumbani na kukataa kuondoka. Akamwita Mshale, kwa mbio zake. Mshale alipochana kano la goti la nyuma akiruka ukuta wa jirani, akafanyiwa upasuaji, na Bi Barua akajifungia naye ndani. Basi asubuhi hiyo tukawaona wanakuja, wote wawili, kwa miguu yao.

Bondia: Shikamoo, Bi Barua. Tulishadhani umehama.

Bi Barua: Marahaba, mwanangu. Nilihama kweli. Nilihama kitandani nikaenda sakafuni.

Wakili: Kabla ya yote, daktari amesemaje?

Bi Barua: Tunatoka kwake sasa hivi. Amempiga picha. Mfupa umeunga.

Mama Kahawa alinyanyua birika. Alimimina kikombe, akakiweka mbele ya Bi Barua bila kuulizwa, na mimi nikajua leo cha kwanza ni cha bure. Mshale akalala chini ya benchi, ulimi nje, mkia unapiga vumbi.

Wakili: Mimi nilisema tangu mwanzo atapona. Wahenga walisema, mbwa hafi maji akiona ufuko.

Mama Kahawa: Wakili, hapa hakuna maji wala ufuko. Ni goti. Mwache mama asimulie.

Bi Barua: Ujue, upasuaji wenyewe ulikuwa saa mbili tu. Daktari alikata mfupa kidogo, akaugeuza ili goti lisitegemee tena lile kano, akaushikiza kwa bamba la chuma na skrubu sita. Kisha akaniita pembeni. Akaniambia, "Mama, kazi yangu imeisha, yako inaanza. Wiki nane asikimbie, asiruke, asipande ngazi. Bamba likipinda kabla mfupa haujaunga, sijui kama huo mguu tutauokoa."

Bondia: Mbwa huyu? Asikimbie?

Bi Barua: Ndivyo nilivyomuuliza. Akaniambia, "Huyu huyu."

Bondia: Mngeniita mimi. Kocha wetu alikuwa na dawa. Bondia akiumia, analazwa kifudifudi, anaimbiwa hadi damu ipoe.

Mama Kahawa: Ndiyo maana ulipigwa zote nne. Ulikuwa umelala.

Bi Barua: Wiki ya kwanza ilikuwa rahisi, maana alikuwa na maumivu. Barafu nafunga kwenye kitambaa, naweka gotini robo saa, mara tatu kwa siku. Dawa nampa na chakula. Shingoni ana kola ya plastiki, pana kama karai, asilambe nyuzi, kila akipita mlangoni anagonga kizingiti. Kwenda haja nje, nampitisha ule mkanda chini ya tumbo, nambeba sehemu ya nyuma kama mtu anayebeba kikapu.

Mkanda huo niliushona mimi. Turubai lililokunjwa mara mbili, sponji ndani, mishikio miwili ya ngozi juu. Alikuwa amenitumia vipimo vya tumbo la mbwa kwa simu, na nilidhani amekosea namba.

Bi Barua: Fundi, mkanda wako haukufumuka hata uzi mmoja.

Nikainama kwenye soli yangu, nisionekane ninavyotabasamu.

Wakili: Tatizo lote lilikuwa jina. Ukimwita mbwa Mshale, unategemea nini? Mshale kazi yake ni kuruka. Ungebadilisha jina kwa wiki nane tu, ukamwita Jiwe.

Bi Barua: Wiki ya tatu ningemwita hata Mlima. Maana wiki ya tatu alipata nafuu, na hapo ndipo balaa lilipo. Akijisikia mgonjwa anatulia. Akijisikia mzima, wewe ndiye unaumwa. Anakuangalia kwa yale macho, analeta mpira, anauweka mguuni kwako. Unauficha, anakuletea kiatu.

Bondia: Mguu usiofunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Mama Kahawa: Methali hiyo haiko hivyo.

Bondia: Lakini inaingia.

Bi Barua alimtazama Mshale chini ya benchi. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

Bi Barua: Siku moja simu ikaita. Binti yangu, yule aliye mbali. Nikaiachia kamba ya Mshale ili niiwahi simu mezani, nikasema ni sekunde moja tu. Paka wa jirani akatua dirishani. Sikuona hata alivyoinuka. Nilisikia kishindo tu, nikageuka, yuko juu ya kochi, na mguu ameukunja hewani.

Mama Kahawa: Ehe.

Bi Barua: Nilikaa chini. Simu niliiacha mezani, nikimsikia binti yangu anaita, "Mama? Mama?" Nikampeleka kwa daktari kwenye teksi, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na njia nzima namwomba radhi. Nimegawa barua miaka ishirini na nane sijapoteza hata moja. Huyu mmoja nimepewa nimtunze, nimemwachia kwa sekunde moja.

Wakili alikunja gazeti lake. Baiskeli ilipita, Mshale akainua masikio, akayashusha.

Wakili: Bamba likawaje?

Bi Barua: Lilishika. Daktari alitazama picha mara mbili. Akaniambia, "Safari hii una bahati. Bahati haina mguu wa pili." Nikarudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Kochi, nje, kwenye ukumbi wa jirani. Kitanda, nikakivunja, godoro likaja sakafuni. Chumbani hakikubaki kitu cha kurukia. Sakafu inateleza, nikatandika mazulia chakavu yote ninayoyajua. Dirisha nikalibandika magazeti.

Wakili: Magazeti yangu?

Bi Barua: Ya mwaka juzi. Na kamba ya Mshale nikaifunga kiunoni kwangu. Nikienda jikoni, naye jikoni. Nikioga, amelala mlangoni kamba imenyooka.

Bondia: Sasa ile nguvu yote ilikwenda wapi? Nguvu haipotei, Bi Barua. Mimi nina wazo. Kile chuma gotini kilikuwa kinainyonya. Chuma hunyonya nguvu, kama betri. Usiku huu ukimgusa goti kwa balbu, balbu itawaka.

Wakili: Sio betri, ni redio. Chuma hunasa mawimbi. Mbwa alikuwa anasikiliza taarifa ya habari, ndiyo maana akatulia. Nani anasikiliza habari za siku hizi akabaki na hamu ya kuruka?

Mama Kahawa: Nyie wawili mnywe kahawa. Bi Barua, ilikwenda wapi?

Bi Barua: Kichwani. Daktari alisema mbwa huchoka kwa kunusa kuliko kwa kukimbia. Mimi nina sanduku zima la bahasha kuukuu. Nikachukua kumi, moja nikaweka kipande cha nyama kavu, tisa tupu, nikazipanga sakafuni. "Haya, tafuta." Akanusa moja moja, taratibu, na kila aliyoipita akaisogeza kwa pua. Alipoipata, aliichana kwa adabu, mtu angedhani anaogopa kukata stempu. Baadaye tukafika bahasha thelathini. Robo saa ya kuchambua barua, analala saa mbili.

Wakili: Basi ndiyo hiyo sababu. Ameajiriwa. Mbwa akishaingia kazi ya ofisini hawezi kukimbia tena, hiyo ni kanuni. Baada ya miezi sita ataomba likizo.

Hapo hata Bi Barua alicheka, na Mshale akaamka kuona kuna nini.

Bi Barua: Wiki ya tano, dakika tano nje, kamba fupi. Ya sita, kumi. Kila jioni namkunja goti na kulikunjua, polepole, kama daktari alivyonionyesha, namhesabia hadi kumi na tano. Mwanzoni alikuwa anauweka mguu chini kwa ncha tu, kama anayejaribu maji ya moto. Siku moja tuko uani, nikaona unyayo wake kwenye udongo. Unyayo mzima, vidole vyote vinne, umezama sawa na wenzake. Nilimpigia binti yangu simu ya video nikamwonyesha ule udongo. Ananiuliza, "Mama, unanionyesha nini?" Namwambia, tazama vizuri.

Mama Kahawa alijifuta jicho kwa upindo wa kanga, akasingizia moshi wa jiko.

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, mteja wangu mpya, ana kiatu kilichong'oka kisigino mkononi. Alisimama kwa mguu mmoja muda wote, anasikiliza. Bi Barua akainuka, akamwambia Mshale twende, wakatembea hadi kwenye nguzo ya umeme na kurudi. Mbwa alitembea kichwa juu, hatua zinalingana. Yule dada akatazama kwenda na kurudi.

— Samahani, akasema. Ni mguu upi uliofanyiwa upasuaji?

Bondia: Wa kulia.

Wakili: Kushoto. Nina uhakika, na niko tayari kuapa.

Bondia: Wakili, umewahi kumwona wakati ule?

Wakili: Na wewe?

Mama Kahawa akachuchumaa, akapitisha mkono pajani, huku na huku. Manyoya yalikuwa yameota yote. Akatikisa kichwa. Wakanigeukia mimi, niliyeshona mkanda, na mimi nilikuwa nimeushona uingie pande zote mbili. Tukamgeukia Bi Barua.

Alimaliza kahawa yake. Akakirudisha kikombe kwenye sinia.

Bi Barua: Mtembezeni tena mtazame.

Tukamtembeza mara tatu, hadi jiko la Mama Kahawa likazima na dada wa watu kiatu chake hakijaguswa. Bondia akabadilisha kauli akasema kushoto, Wakili naye papo hapo akahamia kulia ili wasikubaliane. Bi Barua alisimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, anatuangalia tunavyoinama nyuma ya mbwa wake, na wala hakutaka kutusaidia.