Joel Kiprugut, Mnyoa Kondoo wa Keringet, na Kitabu Chake cha Kliniki

Marehemu Joel Kiprugut Koech alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Keringet, kitinda mimba wa Mzee Kipruto Koech na Mama Rael. Shule ya msingi aliisomea hapo nyumbani, kisha akamaliza kidato cha nne Molo mwaka 1989. Hesabu ilimpiga chenga, lakini kwaya haikwenda popote bila yeye.

Alinyoa kondoo kutoka Olenguruone hadi Mau Narok. Mwaka 1995 alianza kusikia sauti, na hospitalini Nakuru akaambiwa ana skizofrenia. Wapo waliosema mtu kama huyo hapewi mkasi. Joel alimeza tembe zake kila jioni, akarudi kazini, na kondoo aliowahi kuwakata ngozi hawafiki watatu. Akiulizwa kama kuongea na kondoo ni ule ugonjwa, alijibu, "Huyu ameshikwa miguu na mtu asiyemjua. We ungetaka kunyamaziwa?"

Mwaka 2002 alifunga ndoa na Emmy, wakajaliwa Kipkirui na Becky. Emmy alijua habari za tembe kabla ya posa, maana Joel alimwonyesha mwenyewe.

Februari 2024 alipatikana na saratani ya umio. Dada yake Chepchirchir, anayewasomea haya, alipompeleka hospitali alikiacha kitabu chake cha kliniki ya akili nyumbani, chini ya godoro. Aliogopa madaktari wakikiona watasema mgonjwa huyu hawezi dawa kali. Kumbe koo lilikuwa limeziba, tembe hazipiti, na hakuna daktari aliyejua kuna tembe. Wiki ya tatu sauti zilirudi. Joel aling'oa dripu akisema ni sumu, akakataa matibabu majuma matano. Emmy alikitafuta kitabu hadi akakipata, akakipeleka. Madaktari wa pande zote mbili walikaa pamoja, tembe zikawa sindano ya kila mwezi, na damu ikapimwa kila mara kabla ya dawa ya saratani. Alimaliza matibabu akiwa na akili zake. Kama majuma yale yalimpunguzia siku, Chepchirchir hajui, na linamuuma.

Saratani ilirudi. Oktoba 2025 alimwita dada yake. "Siku yangu ukisoma, soma magonjwa yote mawili. Huo wa kwanza nimekaa nao miaka thelathini. Usiuache nyumbani tena."

Alifariki nyumbani Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, akiwatambua wote waliokuwa naye.

Ameacha mjane Emmy, watoto Kipkirui na Becky, dada Chepchirchir, na kondoo kumi na wanne waliozoea sauti yake.

Yote mawili yamesomwa. Lala salama, Joel.