Hamsini ya Nne Bila Lumbesa

Hapo Bondeni, ubavuni mwa mashine ya kukoboa mpunga, kuna benchi ambalo zamani lilikuwa mtumbwi. Mtumbwi ulipasuka, Athuman akaomba ubao wake mrefu, akaulaza juu ya matofali, akawasha jiko la mkaa na kutenga birika la kahawa. Tangu hapo mji wa Kyela una bunge lake lisilo na posho. Mashine ikiunguruma, pumba hupeperuka na kutua ndani ya vikombe, na mgeni akilalamika huambiwa kwamba hiyo ndiyo sukari ya hapa. Mtu hupuliza, hunywa, hubisha.

Jumamosi hiyo Ambilikile alikuwa ameshika kikombe chake mpaka kikapoa, na hakuwa amebisha hata neno moja. Binti yake Kisa alikuwa ugenini Kigali na timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, kwenye mashindano ya mataifa nane, na leo ilikuwa mechi ya mwisho. Kisa alikuwa ameshapiga hamsini mara tatu. Kulikuwa na dada mmoja wa timu nyingine naye mwenye hamsini tatu, ila timu yake ilishafungasha virago. Kisa akipata ya nne leo, anaongoza peke yake. Asipopata, wanalingana.

Na kulingana kulikuwa ndio msiba wenyewe. Kwenye kikao cha ukoo kule Ndandalo, Andongwisye, kaka mkubwa wa Ambilikile, alisema kakao imezidiwa na magugu, binti ana mwaka wa tatu anapiga mpira kwa ubao, basi arudi nyumbani. Ambilikile akamwomba amwache aendelee kama atamaliza mashindano akiwa mbele ya wote kwa hamsini. Kaka akakubali kwa sharti moja: "Awe mbele peke yake. Akifungana na mtu, anarudi kupalilia." Kisha akaja mwenyewe mjini na mwavuli wake kusikiliza matokeo. Alipofika kikombe cha pili, kijiwe kilishambandika jina: Jaji.

— Mnieleze vizuri, alisema Jaji. Hamsini ni nini? Mimi nahukumu nisichokijua?

Wote wakamgeukia Ridhwani, mwenye duka la kanga ng'ambo ya barabara. Walimwita Satelaiti kwa sababu ya simu yake, na kwa sababu ujana wake aliumalizia Dar kwa mjomba, jirani na uwanja wa kriketi.

— Shikamoo kwanza, mzee. Ni hivi. Mwenzako anarusha mpira, wewe unaupiga. Ukishaupiga unakimbia mpaka upande wa pili. Ukifika salama, umepata mkimbio mmoja. Ukifikisha mikimbio hamsini ndani ya mechi moja, umepiga hamsini. Hapo unainua ubao juu, watu wanashangilia.

— Unaacha kucheza?

— Huachi. Unaendelea mpaka wakutoe.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Athuman, waliyemwita Birika, akikoleza mkaa. Ndiyo maana hawamalizi mapema.

— Birika, hiyo methali haihusiki hapo.

— Inahusika. Watu wanakimbia, sijasema wanaogelea.

Ridhwani alichungulia simu. Kisa alikuwa ameingia, tena alikuwa na mikimbio kumi na tisa. Benchi lote likasogea upande wake, ubao ukalia.

— Mnajua siri yake lakini? Aliyeuliza hivyo alikuwa Godwin, dalali wa mpunga, mtu mnene mwenye sauti ya kunadi. Jina lake la kijiweni ni Kilima, kwa sababu gunia likipita mikononi mwake lazima lipate kilima juu, lumbesa ya kufungwa na kamba. — Siri ni kupura. Msichana aliyekulia Ndandalo kapura mpunga kwa fimbo tangu ana meno ya utoto. Mkono unashuka, pwaa! Mpira utafanya nini?

— Kweli kabisa, alisema Ambilikile. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

— Siyo mkono, ni macho, alidakia Athuman. Huyu bibi yake wa ziwani si ndiye aliyemlisha wale wadudu wadogo wanaopanda kama moshi juu ya maji? Mtoto aliyewahi kuwakamata wale kwa kikapu, mpira mmoja utamponyoka vipi? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndiyo maana anasimama vile amejikunja.

— Athuman, wewe na methali zako mtakuja kutengana tu.

— Subirini, Kilima aliinua kidole. Mmewahi kujiuliza hamsini nyingi duniani ni za nani? India. Pakistani. Sri Lanka. Bangladeshi. Wote hao wanakula nini?

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akajijibu mwenyewe.

— Wali! Huu mchezo ni wa wala wali, jamani. Mwingereza aliuanzisha tu, akasahau kupanda mpunga. Ndiyo maana anahangaika.

— Na Australia? aliuliza Ridhwani. Wale hawakamatiki, na wao ni ngano.

— Ngano ya mbele za watu. Usiku wanajifungia jikoni, wanapika wali.

— Nani kakwambia?

— Mchele wa Kyela unanukia mbali. Unafikiri harufu ile inaishia Mbeya?

Hata Jaji alicheka, akajifuta mdomo kwa kona ya koti. Ambilikile alimtazama kaka yake anavyocheka, akapata moyo kidogo. Alikuwa amefundisha mikono ile ya Kisa yeye mwenyewe, kwenye uwanja wa kupuria, akimwambia asikaze mabega. Akiwaza kwamba mikono hiyo ingerudi kushika jembe kabla haijachoka na ubao, aliimeza kahawa yake iliyopoa kwa funda moja.

— Thelathini na nane! Ridhwani alisema. Halafu: Arobaini na nne! Jamani, kaurusha juu ya kamba ya ukingoni, sita bila kukimbia!

— Mwe bandu! alipiga kelele Jaji kwa Kinyakyusa, ninyi watu, kisha akakumbuka kwamba yeye ni jaji, akakaa sawa.

— Arobaini na saba. Arobaini na tisa.

— Na tisa?

— Na tisa.

Hapo ndipo mtandao ulipogoma. Kiduara kikazunguka kwenye kioo cha simu, kikazunguka, kikazunguka. Ridhwani alisimama juu ya benchi, akaenda katikati ya barabara, akainua simu kama mtu anayepokea mvua. Hakuna kitu.

— Asiyekuwepo na lake halipo, alisema Athuman kwa huzuni.

— Nani hayupo?

— Mtandao.

Walingoja. Mashine ikaunguruma, pumba zikatua. Wakati wa mechi kumalizika ulikuwa unakaribia, na kila mtu alijua hivyo, ila hakuna aliyetaka kusema. Ndipo Kilima alipovuta pumzi, akaketi karibu na Ambilikile, akamshika goti.

— Ndugu yangu, mbona tunajitesa? Kisa anazo nne tayari.

— Vipi?

— Zile tatu za mwanzo zilikuwa hamsini kavu? Hapana. Ya kwanza alipata sitini na nane. Ya pili sabini na moja. Ya tatu sitini na moja. Juu ya hamsini, vile vilima unavitupa wapi? Kumi na nane, ishirini na moja, kumi na moja. Jumlisha.

Walijumlisha kwa vidole, midomo ikichezacheza.

— Hamsini! Athuman aliruka.

— Hamsini kamili, alisema Kilima. Haba na haba hujaza kibaba. Hiyo ndiyo ya nne, tena ilikuwepo kabla hata ya leo! Jaji, funga kesi.

— Kriketi haihesabiwi hivyo, Ridhwani alianza.

— Tuko Kigali? Tuko London? Tuko Kyela! Hapa gunia lina kilima.

Jaji alikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba hesabu ile imemwingia. Alijumlisha tena polepole, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mdogo wake.

— Mimi naona ina maana. Wewe unasemaje? Ukisema ndiyo, mimi nafunga mwavuli wangu naenda zangu, mtoto anaendelea.

Ilibaki neno moja tu. Ambilikile alilihisi ulimini, tamu kama kashata. Lakini alikuwa mkulima, na miaka yote amesimama mbele ya madalali kama huyuhuyu aliyemshika goti, akiwaambia gunia ni gunia, kilichozidi ni jasho la mtu. Waliwahi kumwachia mpunga wake unyeshewe kwa sababu ya ubishi huo. Kisa alikuwa pamoja naye siku hiyo, kabeba sehemu yake kichwani, wakaurudisha nyumbani. Leo amvishe binti yuleyule ushindi wa lumbesa?

— Hapana, alisema.

— Hapana nini?

— Sitaki lumbesa. Sikuitaka kwenye mpunga wangu, siitaki kwenye jina la mwanangu. Methali yako inasema kibaba, Kilima. Haisemi kibaba na kilima chake. Kama ni tatu, ni tatu. Atarudi, atapalilia, na nitapalilia naye.

Kilima aliondoa mkono gotini. Jaji alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, na katika kumtazama kule mlikuwa na kitu ambacho Ambilikile hakuwahi kukiona tangu wagawane mashamba ya baba yao. Lilikuwa jambo la heshima, na liliwafanya wote wawili watazame chini.

— Imerudi! Ridhwani alipiga yowe kutoka barabarani, nusura akanyagwe na bodaboda. Imerudi! Hamsini na nne! Kisa hamsini na nne! Mechi imekwisha, hawakumtoa!

— Sema tena!

— Hamsini na nne! Nne, jamani! Anazo nne, yule mwingine tatu!

Sijui nani alianza kupiga ule ubao, ila wote waliishia kuupiga, mtumbwi uliokufa ukalia ngoma. Athuman alicheza na koleo la mkaa. Kilima, ambaye hakuwa na kinyongo hata chembe, alimnyanyua Ambilikile juujuu kama gunia na kuzunguka naye. Mwendesha mashine alizima injini akidhani kuna moto, na aliposikia habari akapaza sauti ndani, na wanawake waliokuwa wakisubiri mpunga wao ukobolewe wakajibu kwa vigelegele vilivyofika sokoni. Ambilikile alilia waziwazi, machozi yakichora njia kwenye pumba za mashavuni, na hakuyafuta. Jaji alifungua mwavuli wake pasipo mvua wala jua la maana, akasimama chini yake na kutangaza:

— Kesi imefungwa! Mbele ya wote, peke yake, tena kwa kipimo halali! Ndaga fijo, Kisa! Asante sana, mwanetu!

Katika vurugu hiyo Mama Kisa alitoka mashineni, kitenge cheupe kwa vumbi la mpunga. Miaka yote alikuwa akilipita benchi lile kwa salamu tu. Leo Jaji mwenyewe alimpisha akae.

— Mugonile, aliwasalimu. Nimesikia. Nionyesheni mwanangu.

Ridhwani alikuwa ameshapata kipande cha video, ule mkimbio wa hamsini wenyewe. Wakarundikana nyuma ya mama. Kisa aliupiga mpira, ukaenda karibu sana, akakimbia. Adui akauokota, akaurusha. Kwenye vijiti vya upande wa pili msichana mwingine alijitupa kifudifudi, akaburuzika vumbini, ubao wake ukigusa mstari. Kisa akainua ubao juu. Benchi likalipuka upya.

— Rudisha, alisema Mama Kisa.

Akarudisha.

— Huyu aliyeanguka ni nani?

— Huyo ni mwenzake, Ridhwani alieleza. Wanacheza wawili wawili. Mmoja akipiga, wote wanakimbia, wanapishana katikati.

— Kwa hiyo kila alipokimbia Kisa, huyu naye alikimbia?

— Eeh... ndiyo.

— Na asingejitupa pale?

— Mpira ungegonga vijiti kabla hajafika, wangemtoa. Ule mkimbio usingehesabiwa. Kisa angebaki na arobaini na tisa.

Mama Kisa aliitikia taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya mbegu.

— Ni mtoto wa nani?

Ridhwani aliperuzi simu. Jina lilikuwepo, fupi, lenye herufi moja mbele. Kwao wapi, wazazi gani, hapakuandikwa. Alimtazama Kilima. Kilima alimtazama Athuman. Ambilikile, aliyekuwa akiota tarakimu za binti yake kila usiku, aligundua kwamba katika mechi zote hizo hakuwahi kuuliza. Aliona aibu, lakini ilikuwa aibu ndogo ndani ya furaha kubwa, na haikumuuma sana.

— Ndandalo, alisema Jaji akikunja mwavuli, mtu akija kukusaidia kupura, haondoki kabla hajala. Hata baba yetu asingemruhusu. Kwa hiyo nahukumu upya. Kisa asithubutu kurudi kupalilia. Aendelee kucheza, na akija, asije peke yake. Aje na huyu aliyeanguka, tumpikie.

— Wali! Kilima alisema.

— Wali, na samaki wa ziwani. Mpaka ashindwe.

Wakashangilia tena, ubao ukapigwa tena. Mama Kisa aliwangoja wanyamaze. Alikuwa bado ameishika simu kwa mikono yote miwili, akimtazama yule msichana kwenye vumbi.

— Sawa, nitapika, alisema. Lakini hamjanijibu. Ni mtoto wa nani? Na goti lake, limepona?

Wanaume wakachungulia vikombe vyao. Athuman akanyanyua birika haraka ili awaokoe, akaliinamisha juu ya kikombe alichomtengea mama, na yakatoka mashapo ya kahawa matupu.