Msisimame Kiwanjani

Sogezeni viti, wanangu, na wewe kitinda mimba wangu toka hapo dirishani, maana mengi ya leo ni yako na sauti yangu haifiki mbali tena.

Shamba ni lenu nyote, msilikate vipande. Lori ni la kaka yenu dereva, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua kulibembeleza likawaka. Ndege ni yako, Kitinda, rubani pekee niliyebakiwa naye. Ningeiuza, lakini ungeenda kurusha ya mtu mwingine, nami breki za mtu mwingine sizijui.

Nimewasikia mkinong'ona na muuguzi. Nikifa, Kitinda anataka kunirudisha nyumbani kwa ndege, atue kwenye kiwanja chetu cha nyasi, ukoo mzima umejipanga kando ukitazama. Nakataa.

Mkumbukeni kaka yenu mkubwa. Kila aliporudi tulitoka kumpokea, tukasimama mstari kandokando ya kiwanja kana kwamba anakuja waziri. Siku moja upepo ulimpiga ubavuni akiwa karibu kugusa chini, akaacha kutua, akapaa tena, akazunguka, akashuka salama. Baba yenu mdogo akamuuliza mbele ya shemeji zake, "Vipi rubani, ardhi inang'ata?" Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Safari iliyofuata upepo ulikuwa uleule na watazamaji walewale. Magurudumu yakagusa nyasi akiwa ameshapita katikati ya kiwanja, pale ambapo kila rubani anajua ni kupaa tena. Hakupaa. Nilimwona uso alipotupita: alikuwa anatutazama sisi, hautazami mtaro ulio mbele yake. Tulimtoa mtaroni akiwa maiti.

Tume ikaja, ikapima nyasi, ikanywa chai yetu, ikaandika "kosa la rubani", ikapendekeza kile kifuko cha kuonyesha upepo kipakwe rangi iliyoidhinishwa. Kikapakwa, na kinapendeza. Sisi tuliosimama pale hatukutajwa popote. Baba yenu mdogo akija mazikoni mpeni kiti, ila mtu asimdanganye kwamba nilimsamehe.

Kwa hiyo nipakieni kwenye lori, nifunikeni turubai, twende na mashimo yetu ya barabarani.

Unaitikia "ndiyo baba", Kitinda, kwa sauti ileile ya kaka yako. Hutanisikia. Nimelea watoto hodari wa kila kitu isipokuwa kuchekwa, na sasa sina muda wa kuwafundisha.

Basi, kama utanibeba hata hivyo, watu wakae ndani na mlango ufungwe. Asisimame mtu kiwanjani, hata mama yako. Aliyekuja kutazama ndege akatazame ukuta.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mungu awaweke, nyote, wangapi mmo humu, siwaoni vizuri. Awape kuzeeka. Mkono wako, Kitinda... huu ndio wako? Ukigusa vibaya, mwanangu, paa tena. Zunguka. Zunguka hata jioni nzima. Abiria wako hana haraka.