Marita Stenvall, Aliyeitikia kwa Pumzi

Ndugu, majirani wa Burträsk, na nyinyi mliokaa kwenye treni siku nzima kutoka kusini mje kukanyaga theluji yetu: tunayemzika leo, Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, ni Marita Elisabet Stenvall. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake, Torbjörn, na ndiye anayeyasoma. Akikwama mahali, mvumilieni. Tangu shule ya msingi maandishi yake yalikuwa yakisahihishwa na Marita, na safari hii msahihishaji hayupo.

Marita alizaliwa tarehe 9 Novemba 1974 katika hospitali ya Skellefteå, mtoto wa kwanza wa Evert Stenvall, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mkewe Gunborg. Alikulia hapa hapa, shamba la pili ukishapita kiwanda cha jibini. Alikuwa mtoto mkimya. Si kwamba alikuwa na kinyongo, la. Hakuona tu sababu ya kusema jambo moja mara mbili. Mama alimwita mezani mara tatu, kumbe mwenzake alishaitikia ile ya kwanza, tena kwa mtindo wetu wa huku. Wageni wetu ni lazima waelezwe, maana maisha yake yote yalipitia hapo. Sisi watu wa kaskazini tukikubali jambo hatusemi neno. Tunabana midomo na kuvuta pumzi ndani, fyup, basi. Hiyo ni ndiyo, na ni ndiyo kamili.

Alisoma shule ya msingi Burträsk na sekondari Skellefteå, kisha akaenda Umeå, ambako mwaka 1997 alihitimu kuwa mtaalamu wa usafi wa kinywa. Agosti mwaka huo huo alianza kazi katika kliniki ya meno ya hapa kijijini, akadumu nayo miaka ishirini na minne. Nusu ya waliomo humu kanisani wamewahi kugombezwa naye wakiwa wameachama, wasiweze kujitetea. Msikatae. Mama yake mwenyewe hakusalimika.

Tarehe 17 Juni 2000 alifunga ndoa na Kjell-Åke, dereva wa lori la magogo. Kjell-Åke alimposa ndani ya lori hilo, injini ikinguruma, akangoja jibu kilomita nzima huku jasho likimtoka. Mwishowe akaegesha, akazima injini, akauliza tena. "Nimeshakujibu tangu pale darajani," Marita akamwambia. "Washa gari twende, maziwa tunayompelekea mama yataharibika." Walijaliwa mtoto mmoja, Tuva, mwaka 2003.

Sasa inakuja sehemu ambayo Marita asingetaka isomwe, lakini bila hiyo hamtamwelewa. Mwaka 2017 baba yao, Evert, aliingia makao ya wazee. Mzee alikuwa na meno ya bandia, na alikuwa mlaji hasa. Kahawa yake aliinywa ina vipande vya jibini ndani, navyo vikilia kwenye meno alicheka kama mtoto. Majira ya kupukutika majani akaacha jibini. Akaacha mkate. Kisha akaacha kuzungumza. Wahudumu walisema ni uzee, na familia nzima ikakubali kuwa ni uzee. Januari 2018 Marita alimvua baba yake meno ili ayasuuze, na chini ya bati la meno, pale lilipobana ufizi, akakuta kidonda kama punje ya dengu, lakini chenye kina, kimekaa miezi minne. Evert aliaga dunia mwezi wa pili, amebaki mifupa mitupu. Marita alilia kwa namna ambayo mdogo wake hakuwahi kuiona. "Nilikuwa nakagua vinywa vya watu, Torbjörn. Kutwa nzima, vya watu. Cha kwetu sikukikagua."

Tangu siku hiyo alianza kusoma masomo ya mbali, hesabu na elimu ya malighafi, kwenye meza ya jikoni, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Aprili 2021 aliona tangazo la chuo kikuu kimoja ambacho nyumbani hatukukitaja jina. Tulikiita Kusini tu. Lilikuwa la nafasi ya utafiti wa shahada ya uzamivu yenye ufadhili, na mshahara kila mwezi, idara ya uhandisi ikishirikiana na shule ya tiba ya meno. Walitaka mtu wa kubuni meno ya bandia ambayo utando wake wa ndani hubadilika rangi pale panapobana ufizi, ili hata mhudumu asiyejua lolote la kinywa aone na kusema: hapa panaumiza. Walitaka mhandisi. Lakini chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: au mwenye ujuzi unaolingana.

"Ujuzi unaolingana," Torbjörn alimtania. "Ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mimi huyo. Nani mwingine?"

Aliomba, akaitwa, akasailiwa na watu watano. Kisha siku moja adhuhuri Profesa Henning Rosenkvist, mtu wa kusini kabisa, ambaye hajawahi kujibu jambo kwa maneno chini ya ishirini, akapiga simu. Marita mwenyewe ndiye wanayemtaka. Je, ataichukua nafasi?

Marita akavuta pumzi. Fyup.

"Halo?" akasema profesa. "Upo?"

Akavuta tena. Profesa akangoja, akaona mama wa watu labda amezidiwa na mambo, akamshukuru kwa upole na kukata simu. Akamwandika kuwa amekataa. Huku nyumbani Marita akachinja kuku, akakaa kungoja karatasi za kusaini. Siku ya tatu Kjell-Åke akamtazama. "Mke wangu, uliwaambia ndiyo?"

"Niliwaambia."

"Kwa kinywa?"

Hapo Marita akashika kichwa. Alipopiga simu, profesa alikuwa ameshika barua ya kumpa nafasi mtu wa pili, hajaituma. "Kwa hiyo ule upepo ndio ulikuwa jibu?" akauliza, na barua ile akaichana.

Alianza tarehe 1 Septemba 2021. Wiki mbili kule, wiki mbili huku, akishinda na wazee wa makao yale yale aliyofia baba yake. Utando wake wa kwanza uliungua. Wa pili ulibadilika rangi kwa kahawa tu, watu wakacheka, naye akacheka. Wa tano ulifanya kazi. Machi 2024 bibi mmoja wa miaka tisini na moja alivuliwa meno, likaonekana doa la buluu upande wa kushoto, yakachongwa kidogo, na jioni hiyo bibi akala mkate mkavu. Marita alimpigia simu mdogo wake kumweleza habari za mkate. Mkate tu, dakika arobaini.

Juni 2024 alianza kuumwa tumbo. Ilikuwa saratani ya kongosho, na madaktari wa Skellefteå hawakumficha. Alijua hatamaliza. Akasema basi amalizie mwingine, na akaomba jambo moja: Kusini watangaze nafasi mpya yenye ufadhili kamili wa kuendeleza kazi ile, na tangazo aliandike yeye. Aliliandika Desemba, kitandani. Ndani yake aliweka sentensi ambayo kamati ya chuo haikuipenda.

Jumanne tarehe 21 Januari Henning alifika nyumbani, amevaa viatu vya mjini, soksi zimelowa chapachapa. Mama Gunborg akamvua viatu, akampa soksi za sufu za marehemu Evert. "Vaa, mwanangu. Ukifa huku nani atakubeba?" Marita alikuwa na sauti ndogo sana.

"Ile sentensi yangu. Ipo?"

"Kamati inataka mhandisi, Marita. Wanasema tukifungua mlango hivyo tutajaziwa maombi, na kuyasoma ni kazi, na muda wenyewe..."

"Na wajaziwe! Wana kazi gani nyingine?" Akapumzika kidogo. "Mhandisi aombe, simkatazi. Lakini yule anayeshinda vinywani mwa wazee naye akisoma aone pana mahali pake. Baba alikaa na kidonda miezi minne, Henning. Miezi minne, na binti yake ni mimi. Utaiacha? Nijibu."

Profesa aliangalia soksi za Evert miguuni mwake. Kisha akabana midomo, akavuta pumzi ndani. Aliivuta vibaya, kama mtu anayeonja uji wa moto.

"Halo?" Marita akasema. "Upo?"

Machozi yakimtiririka, profesa akavuta tena.

"Haya," Marita akasema. "Sasa umejibu."

Alifariki Alhamisi tarehe 23 Januari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tuva. Alikuwa na umri wa miaka hamsini. Inauma, na hapana namna nyingine ya kulisema hilo.

Ameacha mume, Kjell-Åke; binti, Tuva; mama yake, Gunborg; na mdogo wake, Torbjörn. Ameacha wazee kumi na wanne wanaokula mkate. Na ameacha nafasi moja iliyo wazi hadi tarehe 31 Machi, ambayo tangazo lake lilitoka Jumatatu hii. Sentensi imo, haikuguswa hata nukta: "Msafisha meno, mhudumu wa wazee, na yeyote aliyejifunza kinywa cha binadamu kwa mikono yake, asijione mgeni hapa, tunamngoja."

Lala kwa amani, dada. Tumekusikia.