Bi. Waride na Milango ya Mpungani

Nianze kwa kujitambulisha, ingawa sioni haja, maana kutoka Kibiti mpaka Kiongoroni hakuna asiyenijua. Mimi ni Bushiri Mwinyimvua, nahodha wa boti ya idara, mtu ambaye mamba wa Rufiji wakisikia mashine yake hupanda ukingoni kumpisha, na ambaye bila yeye idara yenyewe ingeshafungwa tangu ule wakati wa kupunguza wafanyakazi. Ndiyo maana kamati ya sherehe, ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, iliwaruka wenye digrii zao ikaja kwangu mwenye darasa la tano. Basi natangaza rasmi: Bi. Waride Talib, Afisa Maendeleo ya Jamii, anastaafu leo tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na moja kazini.

Alianzia Nyamisati mwaka 1973, msichana mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Alifundisha kina mama kuchimba vyoo na kupika uji wa lishe, na wanaume waliokataa kuchimba vyoo aliwataja majina mkutanoni mbele ya wakwe zao. Vyoo vilichimbwa. Ilipokuja enzi ya ruksa, ya biashara huria, serikali ikaanza kujivua kazi moja moja, wenzake wakaenda kufungua maduka. Yeye alibaki, akahamia Ikwiriri, akapewa kata nzima, mwavuli, na mimi.

Tumesafiri sana. Safari moja ya Kiongoroni mafuta yalituishia katikati ya mikoko, nikaivuta boti kwa kamba niliyoiuma kwa meno mpaka kijijini. Bi. Waride husimulia kwamba tulivutwa na mtumbwi wa wakata nguzo na mimi nilikuwa nimelala. Kila mtu na kumbukumbu zake. Neno alilopenda kuniambia ni kwamba nikisema kweli mara moja kwa wiki sitakufa.

Sasa nije kwenye lile daraja la Rufiji, maana najua baadhi ya waheshimiwa waliokaa meza kuu wangependa niliruke.

Kitongoji cha Mpungani kilikuwa chini ya Ikwiriri, karibu na mto. Watu wake, kama wakulima wote wa bonde letu, msimu wa mpunga ukifika huhama nyumba nzima, baba, mama, kuku na watoto, wakaenda kukaa shambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, kulinda nguruwe na ndege mpaka wavune. Wa Mpungani walikuwa na desturi yao zaidi: wakihama, wanang'oa mlango wa nyumba wanaupakia mtumbwini, wanakwenda kuufunga kwenye dungu. Mbao ya mninga haipatikani kila siku, na mtu hawi na milango miwili. Tena miaka ile kulikuwa na simba. Mmoja nilimkemea mwenyewe kwa Kindengereko, akaondoka, japo wapo wanaosema alikuwa ameshiba.

Mkandarasi wa daraja akahitaji mahali pa kuweka mitambo na kifusi. Akaletwa mthamini kutoka mjini, Bwana Haruni, na kopo la rangi nyekundu. Amri ilikuwa hivi: nyumba yenye watu ichorwe alama na kupewa namba, na mwenye namba atapata kiwanja na nyumba ya bati kule juu karibu na barabara. Gofu lisilo na mtu lisukumwe na katapila. Bwana Haruni alikuja katikati ya msimu wa mpunga. Akakuta nyumba zote ila moja ziko wazi, hazina milango, jikoni majivu baridi. Akaandika gofu, gofu, gofu, akarudi gesti kula wali.

Bi. Waride alipopata habari hakumaliza chai yake. Tulishuka na boti bonde zima, dungu kwa dungu, yeye amesimama mbele na mwavuli, akiwaambia watu wabebe milango waje nayo kambini kwa mkandarasi. Wakaja. Sijaona kitu kama kile na sitaona: milango imepanda ukingo wa mto juu ya vichwa vya watu. Walipofika kambini wakaisimamisha kwa safu, na kila mtu akasimama nyuma ya mlango wake, haonekani.

Wahandisi wakatoka. Bi. Waride akamwambia Bwana Haruni, "Baba, umesema hakuna watu. Gonga mlango wowote unaoutaka."

Bwana Haruni akacheka, akagonga ulio karibu. Akagonga tena. Ikatoka sauti ya Bi. Zawadi, kikongwe aliyewazalisha nusu ya wakazi wa Mpungani.

"Huku hatugongi, mwanangu. Tunapiga hodi."

Bwana Haruni akatazama wakubwa wake, akasema hodi.

"Karibu," akasema Bi. Zawadi, akaufungua. "Pita ndani, ukione unachotaka kukivunja."

Hata wahandisi walicheka. Walipiga picha. Waliahidi hesabu irudiwe. Watu wakapeana mikono, wakapiga na vigelegele, wakabeba milango yao. Halafu wakairudisha kwenye madungu.

Usiwaite wajinga. Mpunga ulikuwa umeanza kukauka, nguruwe hawangoji hesabu ya mtu, na simba alikuwa amemchukua mtu upande wa pili wa mto wiki ileile. Bi. Waride aliwafuata, akawasihi waache milango kwenye nyumba zao. Mama mmoja akamnyanyua mtoto wake mchanga, akamkabidhi mikononi, akamwambia, "Basi lala naye wewe kwenye dungu lisilo na mlango." Bi. Waride alimpakata yule mtoto kitambo, akamrudisha kwa mama yake, akapanda boti.

Tuliporudi Ikwiriri aliingia nyumbani kwake akaomba bisibisi. Tuling'oa mlango wa mbele, wa uani, na wa chumbani. Tukaenda ofisini, tukang'oa wa ofisi, wa stoo, na wa choo cha mkuu wa idara, ambaye alikuwa kwenye semina. Tukaenda kuifunga Mpungani, nyumba moja moja, mpaka ikatuishia. Milango ya serikali yenye rangi ya kijani kwenye kuta za udongo. Bwana Haruni aliporudi hakukuta mtu, lakini alikuta milango. Akapiga hodi, ninavyoambiwa, akaandika namba.

Zile nyumba zetu zilipona, ya Bi. Zawadi ikiwemo, na wenyewe wakahamia kwenye bati kule juu. Nyingine zote, nyingi kuliko zilizopona, zilikuwa wazi, na katapila likapita mpunga ukiwa bado haujafika ghalani. Watu walipanda kutoka bondeni na milango yao vichwani, wakakuta hakuna pa kuifunga. Wengine wamekwenda kwa ndugu zao Kibiti. Wengine wanakaa kwenye madungu mwaka mzima, masika na kiangazi, watoto wakikohoa.

Na kifusi hakikuwekwa pale. Baada ya kusafisha waliona panafaa zaidi kwingine. Mpungani leo ni magugu.

Bi. Waride alipata karipio la kuharibu mali ya serikali, akahamishiwa Kiongoroni miaka mitatu, mimi nikampeleka. Mpaka siku ya kuhama, nyumbani kwake Ikwiriri alikuwa akilala na kanga imeninginia mlangoni. Siku ya kufungua daraja hakualikwa. Ni daraja zuri, sikatai, mabasi yanapita juu yake kama yanakimbizwa. Leo waliomkaripia wamemnunulia saa ya ukutani, na wataomba tupige makofi. Pigeni. Mimi nitampigia kwa sababu nyingine.

Mafanikio yake mengine, vikundi vya ususi wa mikeka, visima, chekechea ya Nyamisati, mtayasikia kwenye hotuba, na hotuba hazitasema Mpungani hata mara moja. Kwa hiyo nimeisema mimi.

Bi. Waride, dada yangu, asante kwa niaba ya waliopata namba, na kwa niaba ya wasiopata, ambao nimewauliza nao wakasema wanakusalimu. Mungu akupe afya, usingizi usiokatika, na majirani wanaojua kupiga hodi. Tunakuombea kila la heri huko uendako.

Limebaki moja. Wengi huniuliza imekuwaje mimi, mzaliwa wa Mpungani, nikapata namba siku ya kwanza kabisa na sasa nakaa kwenye bati, wakati wakulima wa kweli wapo juu ya nguzo. Huwa najibu kwamba mthamini aliniogopa. Si hivyo. Nyumba yangu ilikuwa na mlango wake kwa sababu mke wangu, Zena, msimu ule alikataa kunichukua shambani. Alikwenda kukaa kwenye dungu la dada yake, akasema nakoroma sana, nguruwe wakija hawatasikika.